Kibodi ya Kwenye Kioo

Juni 19, Jumanne

Redio imesema mvua za majira ya joto zitaanza Alhamisi. Bega langu limeshajua kabla ya redio. Ni la kulia, la kipanya. Miaka kumi na mmoja najenga kurasa za tovuti, na nikiulizwa nimepata nini naonyesha bega.

Leo Mkuu Bong katuita wote tisa tuzunguke meza yake. Kampuni imepata kazi ya shirika la nyumba la hapa mjini Danhyeon: tovuti ya kuombea nyumba za kupanga za wazee na walemavu. Mwaka huu hakuna kaunta, hakuna karatasi. Ni tovuti tu. Maombi yanafunguliwa Julai 16 na kufungwa Julai 20 saa kumi na mbili jioni, basi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema hii lazima ijengwe kwa viwango vya wavuti tangu mstari wa kwanza: ifunguke kwa kivinjari chochote, isomwe na kisomaji cha vipofu, ile programu inayotamka maandishi, itumike bila kipanya. Se-yun, mchora kurasa wetu, akashusha pumzi kwa makusudi. "Haya, mhubiri kapanda mimbari." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nimeshazoea. Ila safari hii sibanduki.

Juni 21

Mvua imeanza. Mwavuli wangu umevunjika siku ya kwanza.

Juni 23, Jumamosi

Kikao cha wenzangu wa viwango. Tulikuwa saba, tunakula chapati za vitunguu na kunywa pombe ya mchele, makgeolli, kama inavyopasa siku ya mvua, tunabishana saa mbili nzima kwa nini kitufe lazima kiwe kitufe kweli na siyo picha ya kitufe. Mhudumu alituuliza kama sisi ni mafundi cherehani. Nawapenda watu hawa. Kwa wengine wote nchini, tovuti ni ile inayofunguka kwenye kivinjari kimoja tu, chenye herufi ya buluu, na ukija na kingine unaona ukurasa mweupe. Ukilalamika unaambiwa, "Si utumie kama watu wengine."

Juni 25, Jumatatu

Mvua. Bega limegoma kabisa, nikashuka kwa Mwalimu Ok baada ya chakula cha mchana. Chumba chake cha kukanda kiko chini ya jengo letu, kati ya duka la funguo na ngazi. Sisi tuko ghorofa ya nne. Mwalimu Ok Sang-gil haoni tangu ana miaka tisa. Mkewe Bi Pyo naye haoni, na wanaishi wote wawili chumba cha nyuma. Miaka sita sasa mabega yangu anayajua kuliko mama yangu mzazi.

"Leo umegombana na nani?" aliniuliza alipogusa tu shingo.

"Sijagombana na mtu, Mwalimu."

"Basi shingo inagombana peke yake. Lala, mwanangu."

Ndipo akanieleza. Barua imekuja, jengo linabomolewa mwisho wa Agosti. Sisi wa ghorofa ya nne tutabeba kompyuta zetu twende zetu. Yeye hana pa kwenda. Lakini kuna zile nyumba za shirika, za ghorofa ya chini, hatua mia mbili kumi kutoka kituo cha treni. Amezihesabu mwenyewe kwa fimbo.

"Na wanasema mwaka huu ni kwa kompyuta. Safi! Kompyuta naiweza. Zamani nilikuwa nasimama kaunta, karani hanisemeshi mimi, anamwuliza Bi Pyo, 'Huyu anaitwa nani?' Bi Pyo naye anamtafuta karani yuko upande gani!" Alicheka mpaka mikono ikasimama mgongoni mwangu.

Nikamwambia tovuti hiyo naijenga mimi.

"Wewe?" Akanipiga kofi la bega, lilelile bovu. "Bi Pyo! Njoo usikie! Nyumba tumeshapata!"

Juni 28

Fomu yangu imekamilika. Haina mbwembwe: swali, sehemu ya kujibu, swali, sehemu ya kujibu, kitufe. Nimeshuka nayo kwa Mwalimu tuijaribu. Kaijaza yote kwa dakika tisa, kisomaji chake kinasema, vidole vinajibu. "Ndiyo hii?" akauliza. Nikasema ndiyo hii.

Julai 3, Jumanne

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Afisa Seok wa shirika alikuja kuona kazi. Ni mtu mpole, ana vidonge vya tumbo mfukoni, na anainama kwa kila mtu hata kwa mfagizi. Nikamwonyesha fomu. Akaitazama muda mrefu.

"Mbona imekaa kimaskini?" akasema.

Mkuu Bong akarukia, "Hiyo ni mifupa tu, bwana mkubwa. Nyama zinakuja."

Nyama zenyewe ni hizi. Kwanza, ukurasa uwe picha nzurinzuri, na masharti yote yaandikwe ndani ya picha, maana mkurugenzi wao anapenda herufi za brashi. Pili, lazima iwepo programu ya ulinzi, ile yenye kibodi ya kwenye kioo. Nani hapa nchini hajui adha yake? Ukifika kwenye neno la siri la cheti chako cha utambulisho cha mtandaoni, tarakimu zinatokea kwenye kioo zimetawanyika ovyo, kila mara mahali tofauti, nawe unazibofya mojamoja kwa kipanya. Kibodi ya kawaida haikubaliwi. Nazo zile tarakimu ni picha. Kisomaji cha kipofu hakina cha kusoma pale.

Nikamwambia hivyo, polepole, kwa heshima zote. Akanikodolea macho, na naapa hakuwa na ubaya. "Kwani vipofu wanatumia kompyuta?"

"Wanatumia, Afisa. Na hii ni tovuti ya nyumba zao."

"Aa. Lakini si wana watu wa nyumbani?"

Nilifungua mdomo. Mkuu Bong akanikanyaga mguu chini ya meza, akanikanyaga kwelikweli.

Julai 5

Mvua.

Julai 6

Mvua. Se-yun kaleta ukurasa wa masharti. Ni picha moja ndefu, nani anastahili, nyaraka gani, mwisho lini, vyote mle ndani. Amechora na maua ya lotasi pembeni. "Mazuri, siyo?" akaniuliza. Maua ni mazuri. Nilikwenda chooni nikalia kidogo.

Julai 10, Jumanne

Nimeomba mara nne. Nimeomba mlango wa pili kwa watakaoshindwa ule wa kwanza, hata kiungo kidogo pembeni. Nimemwandikia Mkuu Bong kurasa tatu. Nikamweleza kuwa njia iliyofungwa kwa usimbaji, unaogeuza maandishi kuwa fumbo yakiwa njiani, na unaotumika dunia nzima, inatosha kulinda fomu, na kwamba kila mwombaji atakuja baadaye na vyeti vyake mkononi, kwa hiyo hakuna atakayeiba nyumba kupitia fomu yangu. Jibu lake ni hili hapa, nimelinakili: "Nimeona. Ahsante kwa kujitolea."

Julai 12

Mvua. Nimegonga muhuri wangu wa jina, ulio sawa na sahihi, kwenye fomu ya ukaguzi. Sitaki kuandika.

Julai 13, Ijumaa

Nisipoandika nitapasuka.

Kabla tovuti haijafunguliwa, shirika linataka karatasi inayosema imekaguliwa na walemavu wanaweza kuitumia. Mgongaji muhuri lazima awe amehudhuria mafunzo. Katika kampuni nzima aliyehudhuria ni mmoja, mhubiri wao, mimi.

Kikaguzi cha kompyuta kinataka kila picha iwe na maelezo yake ya maneno. Jana picha zilikuwa sitini na tatu. Zilizosalia ni saa tatu. Masharti ya Se-yun peke yake yangechukua siku nzima kuyaandika, na yeye alikuwa bado anayabadilisha. Basi nikaandika neno moja, "picha", nikalibandika kote sitini na tatu. Kikaguzi hakijui maana, kinahesabu tu. Kikanipa alama mia kwa mia.

Mkuu Bong akaja na kahawa aliyoichanganya mwenyewe. Sijawahi kumwona akichanganya kahawa. Akaketi kwenye kiti kifupi cha kando ya pipa la karatasi taka, akawa chini yangu.

"Maeng," akasema, "isipofunguliwa Jumatatu wanatunyang'anya kazi. Tuko tisa hapa. Gonga tu. Wiki hiihii ya maombi wanaweka mlango wako wa pili. Seok kaniahidi."

"Kaahidi kwa maandishi?"

"Kaahidi kwa mdomo, lakini kaahidi."

Nikagonga. Wino mwekundu, jina langu duara, safi kabisa. Mimi, ninayekaa kila Jumamosi kuwasema watu wengine!

Bi Pyo kaniletea matango ya kimchi leo, yaliyochachushwa kwa pilipili. Nilishindwa kuyala.

Julai 16, Jumatatu

Tovuti imefunguliwa saa tatu asubuhi. Saa tatu na robo simu yangu ikalia.

"Mwanangu, kuna kitu hakiko sawa kwenye mashine yangu. Hebu sikiliza." Akaisogeza simu kwenye spika. Sauti ile ya kike isiyochoka: picha. Picha. Picha. Picha. Picha.

Nikashuka mbio. Alikuwa amevaa shati jeupe la pasi, kana kwamba anakwenda ofisini kwa watu. "Nimeifungua na kuizima mara tatu," akasema. "Labda ni mvua imeingia kwenye waya."

"Siyo mvua, Mwalimu."

"Ile uliyonijaribishia ilikuwa nyingine?"

"Ilikuwa nyingine."

Nikamsomea masharti kwa mdomo wangu, akajaza anachoweza kujaza, tukafika kwenye kibodi ya kioo. Kisomaji kikanyamaza. Akasubiri. Akabonyeza hapa na pale. Baada ya dakika tano ukurasa ukajifuta wote, ukarudi mwanzo. Tumejaribu mara kumi na moja. Mara ya mwisho shati lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

Nilimwambia shirika limeahidi mlango wa pili wiki hii. Niliyasema hayo nikiwa nimekodoa macho ukutani.

Julai 17, Jumanne

Sikukuu ya Katiba, ofisi zimefungwa. Mwalimu amejaribu mara ishirini na sita, Bi Pyo kaniambia kwa simu. Nimempigia Mkuu Bong. Yuko mlimani na familia, kwenye mvua, anakula kuku. "Kesho, Maeng. Kesho."

Julai 18, Jumatano

Hii siku sitaisahau.

Mlango wa pili haupo. Nilipomkumbusha Mkuu Bong ahadi alinijibu, "Seok anasema mkurugenzi kakataa. Nifanyeje, nimtie kamba?" Nikarudi mezani, nikachukua koti, nikashuka, nikamwambia Mwalimu tunakwenda shirikani wenyewe. Tulikwenda. Nilimshika mkono njia nzima, maana maji yalikuwa yamefunika ukingo wa barabara na fimbo haikuwa inaona kitu.

Afisa Seok alitukaribisha vizuri, akatuletea chai ya shayiri. Mwalimu akatoa kompyuta yake ya mkononi, akaiweka mezani, akaifungua tovuti. Picha. Picha. Picha. Wafanyakazi wa meza za jirani wakageuka. Mmoja akacheka, kisha akajikohoza.

"Ndivyo nyumba yangu inavyosema," Mwalimu akawaambia. "Naomba fomu ya karatasi, au mlango ninaoweza kuufungua. Moja kati ya hivyo viwili. Sina la tatu."

"Mzee wangu," Afisa Seok akasema, "karatasi mwaka huu zimefutwa. Mpe mtu unayemwamini akubofyee hilo neno la siri, ni dakika moja tu."

"Neno la siri ukimpa mtu, linaitwaje?"

Afisa akatafuta kidonge cha tumbo mfukoni. Kisha akafungua droo. "Lakini sisi tumefuata taratibu. Tovuti hii imekaguliwa. Hii hapa karatasi, imepata mia kwa mia, na mtaalamu wa masuala haya amegonga muhuri."

Niliiona karatasi. Niliuona muhuri wangu. Naye alikuwa ameshalisoma jina, akainua macho akanitazama mimi, akaitazama kadi ya kazi shingoni kwangu, akanitazama tena. Nilimtikisia kichwa. Kidogo sana, hivi. Akanielewa. Akairudisha karatasi kwenye droo, akaifunga, tukawa washirika wa jambo moja, mimi na yeye.

"Mtaalamu!" Mwalimu akasema. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. "Sijui huyo mtaalamu ni nani, lakini namwombea kitu kimoja. Siku moja ashike kitasa cha mlango wa nyumba yake akute kimechorwa tu ukutani. Twende, mwanangu."

Nilimfunika kwa mwavuli njia nzima. Mimi nililowa mpaka ndani ya viatu, nikaona ni haki yangu.

Julai 19, Alhamisi

Mvua kubwa. Mwalimu amejaribu asubuhi yote. Mchana nilimwambia, "Basi nipe mimi. Nitabofya, nitasahau palepale. Unaniamini au huniamini?"

Akakunja taulo moja. Ndipo akanisimulia. Miaka kumi na minne iliyopita alimpa binamu yake muhuri wake wa jina amjazie fomu ya nyumba kama hizihizi. Nyumba ilitoka, kwa jina la binamu. Binamu anaishi humo mpaka leo, na kwenye misiba wanaketi meza moja.

"Wewe nakuamini," akasema. "Ukitaka kujua, ni wewe tu hapa duniani ninayeweza kukupa, ukimtoa Bi Pyo. Lakini nikikupa, watasema, 'Unaona? Vipofu wameweza.' Na mwaka ujao atakayekuwa hana Maeng wake atampa nani?"

"Ukikosa utakwenda wapi, Mwalimu?"

"Hilo usiniulize, Bi Pyo anasikia."

Bi Pyo akajibu toka chumba cha nyuma, "Nimeshasikia. Endeleeni tu."

Niliinamia mkono wangu nikalia bila sauti, nikidhani hawajui. Bi Pyo akaniletea kitambaa.

Julai 20, Ijumaa

Siku ya mwisho.

Saa sita mchana Mkuu Bong na wengine walitoka kwenda kula tambi za moto. Nikasema sina njaa. Nikaichukua fomu yangu ya Juni, ile ya kimaskini, nikaiunganisha na seva ya maombi, nikaiweka juu kabisa ya ukurasa, juu ya maua ya lotasi, kiungo cha maneno ya kawaida: "Ukishindwa hapa, ingia huku. Hakuna programu inayohitajika." Saa sita na dakika thelathini na mbili ilikuwa hewani. Hakuna aliyeniruhusu.

Nikampigia Mwalimu. Sikuwa na pumzi ya kusema zaidi ya "Fungua sasa."

Nilimsikiliza kwa simu. Sauti ya mashine: jina kamili. Vidole vyake. Tarehe ya kuzaliwa. Vidole. Namba ya kitambulisho cha ulemavu. Alipofika mwisho mashine ikasema, "Ombi lako limepokelewa," naye hakupiga kelele, hakucheka. Alisema tu, "Bi Pyo, imepokelewa," mara mbili. Kisha akakata simu bila kuniaga.

Nilikuwa nimepanga kuufunga mlango palepale kabla hawajarudi. Nikafungua orodha nione ombi lake limekaa sawa. Juu yake kulikuwa na ombi jingine. Na chini yake mawili. Wakati natazama likaingia la tano.

Jamani, nilidhani ni yeye tu! Wiki nzima nilikuwa naona kichwani mtu mmoja mwenye shati jeupe. Walikuwa huko nje wote, wanajaribu na kuanguka, wanajaribu na kuanguka. Wengine wana visomaji. Wengine vivinjari vyao ndivyo ambavyo mlango mkubwa unavipa ukurasa mweupe. Mmoja aliandika kwenye sehemu ya maelezo: "Mikono yangu haishiki kipanya, natumia kijiti mdomoni. Nashukuru." Sikuufunga. Se-yun aliporudi akaona kioo changu, akasoma lile la kijiti, akavuta kiti, akakaa karibu yangu bila utani wowote. "Mimi sijaona kitu," akasema. Tukakaa hivyo mpaka saa kumi na mbili.

Watu arobaini na mmoja.

Julai 23, Jumatatu

Nimefukuzwa kazi. Mkuu Bong hakupiga kelele, ndicho kilichoniuma. "Ungeniambia," akasema. "Ningekataa, lakini ungeniambia." Nimebeba mmea wangu na kibodi yangu. Mvua.

Julai 24

Mvua. Nimelala.

Julai 27, Ijumaa

Yamefutwa yote arobaini na moja.

Barua ya shirika ni ya mistari sita: maombi hayo hayakupitia mlango rasmi. Na kwa kuwa mlango rasmi ulikaguliwa na kuthibitishwa kwamba walemavu wanaweza kuutumia, waombaji hawakuwa na sababu ya kupita kwingine. Mwalimu kanisomea kwa simu, kairudia kutoka kichwani neno kwa neno.

"Sababu yao yote ni ile karatasi," akasema. "Ni yule mtaalamu."

Nikasema, "Ndiyo." Nikaona neno lenyewe limenitoka bila shida yoyote, na hapo nikajiogopa.

Julai 30

Mvua zimekwisha. Joto, na nyenje wanapiga kelele kwenye miti ya barabarani tangu alfajiri. Mafundi wamekuja kupima jengo, Bi Pyo anasema wamechora alama za rangi ukutani. Aliuliza ni rangi gani, wakamwambia nyekundu.

Agosti 2, Alhamisi

Mwalimu amewatafuta wenzake wote arobaini, kwa simu, mmojammoja. Wanapeleka rufaa kwenye tume ya malalamiko. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu, Agosti 6. Nimezungumza na karani wa tume. Mwanamke mchangamfu, anatafuna kitu.

"Dada, nikwambie ukweli," akasema. "Wakileta karatasi ya ukaguzi yenye muhuri, nyie mmekwisha. Labda aliyegonga aje aseme mwenyewe kwamba alidanganya. Na nani atafanya hivyo? Atapata wapi kazi tena?"

Nikamshukuru, nikakata.

Agosti 3

Joto. Mwenzangu wa kikao cha Jumamosi kanipigia, kanitafutia nafasi kwenye kampuni ya rafiki yake. Wanataka mtu anayejua ufikivu, yaani kujenga tovuti ambazo hata walemavu wanaweza kuzitumia. Naanza Septemba nikitaka.

Agosti 4, Jumamosi

Sikwenda kikaoni. Nimekaa chini sebuleni mbele ya feni. Nimejiuliza kama naweza kupeleka barua ya kukiri kwa tume bila Mwalimu kujua. Haiwezekani. Yeye ndiye anayekusanya nyaraka za wote, na kila karatasi anaisikiliza kabla ya kuituma. Nilitafuta upenyo siku nzima. Nilipoona kwamba nautafuta upenyo na siyo nyumba ya watu, nilijichukia hadi nikaacha kutafuta.

Agosti 6, Jumatatu

Niliandika jana. Ukurasa mmoja, maandishi matupu, hakuna hata mstari wa kupambia. Leo saa nne asubuhi nikamtumia Mwalimu, kisha nikapanda treni, nikaenda nikaingia chumbani kwake. Nilitaka niwepo.

Chumba kilikuwa nusu kimefungwa kwenye maboksi. Bi Pyo alikuwa anakunja taulo. "Umenitumia karatasi?" Mwalimu akauliza, mchangamfu. "Hebu tuisikie." Akaongeza sauti ili na Bi Pyo asikie.

Mashine ikaanza. "Mimi, Maeng Yeon-hwa, ndiye niliyegonga muhuri kwenye fomu ya ukaguzi ya Julai 12. Nilijua kwamba kipofu hawezi kupita kwenye mlango huo. Nilikuwa nimeshamweleza Afisa Seok hivyo Julai 3. Maelezo ya picha zote sitini na tatu niliyaandika mimi, neno moja, ili kukidanganya kikaguzi."

Akaisimamisha. Akairudisha mstari wa kwanza. "Mimi, Maeng Yeon-hwa, ndiye." Akairudisha tena. Bi Pyo aliacha taulo.

Kisha akaiachia mpaka mwisho: tarehe, majina, ahadi ya Afisa Seok, kahawa ya Mkuu Bong, yote. Sauti ile haina huzuni wala hasira, ilinisoma kama inavyosoma ratiba ya treni.

"Siku ile shirikani," Mwalimu akasema, "ulikuwa umesimama pale pale."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umenishika mkono."

"Ndiyo."

Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru angenitukana. Aligeukia kompyuta, akaiambatisha karatasi yangu kwenye rufaa arobaini na moja, akaituma kwa tume, mwenyewe, vidole kumi, haikumchukua hata dakika mbili. Mashine ikasema imefika.

"Imesomeka yote," akasema. "Hakuna mahali ilipokwama. Umeijenga vizuri."

"Mwalimu, mimi..."

"Nenda sasa, Bi Maeng."

Miaka sita hakuwahi kuniita hivyo. Nikainama, ingawa hawanioni, nikavaa viatu. Mlangoni nilisimama kidogo, nikidhani labda ataniita. Nikasikia amebonyeza, na mashine inaanza tena toka mwanzo, jina langu kwanza.